Barua ya fidia: usiitupe, na usilipe kitu

Dada yangu, umeuliza kama barua pepe inayosema una haki ya fidia kwenye kesi ya pamoja huko Marekani, yaani kesi moja inayofunguliwa kwa niaba ya watu wengi, ni utapeli. Huenda ni ya kweli. Angalia jina la mahakama na namba ya kesi, uitafute mwenyewe bila kubonyeza kiungo. Wakikudai ada, hata dola 5, hao matapeli. Kudai fidia ni bure. Ukikaa kimya hadi tarehe ipite, mara nyingi unakosa pesa na haki ya kushtaki inakwenda pia, na hilo ndilo linaloniuma. Ila usizihesabu mapema: kwenye kesi ya Equifax, kampuni ya Marekani ya kumbukumbu za mikopo iliyovujisha taarifa za watu, mwaka 2019 watu waliambiwa hadi dola 125, fungu la malipo hayo lilikuwa dola milioni 31, wadai mamilioni, wakaambulia kidogo mno. Ukishahakikisha kesi ni ya kweli, jaza fomu ya madai leo, tunza namba ya uthibitisho.