Vumbi wakati wa kufunga marobota: jua kwanza ni vumbi la nini

Mkuu, umesema mashine ikianza kufunga nyasi linatimka vumbi mpaka dereva haoni anakotoka, na wateja wako wenye farasi wanalalamika kwamba marobota yako yanawakohoza wanyama wao. Ukauliza kama unyunyizie maji ile mistari ya nyasi kabla ya kufunga. Mimi kazi yangu ni kufunga marobota kwenye mashamba ya watu, na kwa hayo maji jibu langu ni hapana. Sababu nitaieleza, ila tuanze na vumbi lenyewe, maana yapo ya namna tatu na dawa zake hazifanani.

Chota lile linalorundikana juu ya mashine, ulisugue kwa vidole. Likikwaruza na rangi yake ni ya shamba lako, huo ni udongo. Likiwa la kijani, laini, linanukia nyasi, hayo ni majani yaliyosagika. La tatu mara nyingi hulioni siku ya kufunga. Linakuja wiki kadhaa baadaye, unakata kamba ya robota linafuka jeupe au kijivu na harufu ya uvundo. Huo ni ukungu. Kwa ulivyoeleza, nahisi la dereva ni udongo na la farasi ni ukungu, kwa hiyo una kesi mbili.

Udongo unaletwa na reki, ile ya kuvutwa na trekta inayokusanya nyasi kuwa mistari, kuliko kitu kingine chochote. Watu wanaishusha mpaka meno yanachora ardhi, eti kisibaki kitu shambani. Kinachoongezeka kwenye robota ni mchanga. Meno yapite juu kidogo ya ardhi, yaokote nyasi zilizolala juu ya mabua yaliyobaki. Ndiyo maana kukata nako kuna mchango wake: acha mabua ya sentimita 7 hadi 10, nyasi zikae juu yake, upepo upite chini, zikauke upesi. Ukilinyoa shamba hadi chini, nyasi zinalala juu ya udongo na reki itabidi iufuate huko huko. Reki za magurudumu yanayozungushwa na ardhi yenyewe ndizo zinazokokota uchafu zaidi; zile zinazozungushwa na shafti ya trekta ni safi zaidi, mradi zimepimwa vizuri. Meno ya kuokotea ya mashine ya kufunga nayo yaangalie hivyo hivyo, na vichuguu na vilima vya fuko visawazishwe kabla nyasi hazijakua.

Kipimo changu ni hiki. Wakati wa kukusanya asubuhi, nyasi zikiwa bado na umande, simama ubavuni mwa reki upande upepo unakotoka. Jani lenye umande halitoi vumbi. Ukiona wingu nyuma ya meno saa hiyo, hilo ni udongo tu; simamisha trekta upandishe reki.

Majani sasa. Nyasi zikikauka kupita kiasi, hasa lusina (alfalfa), jani linapukutika kabla bua halijakauka vizuri, na kwenye jani ndiko protini nyingi iliko. Kwa hiyo vumbi la kijani ni chakula unachokipeperusha. Kusanya mapema, unyevu ukiwa kwenye asilimia 40 hivi, usisubiri jua la mchana. Kufunga, subiri jioni au asubuhi ambapo umande kidogo umelainisha jani huku bua likiwa limekauka. Kwangua bua kwa ukucha: ngozi ikichubuka, bado lina maji. Marobota madogo mimi huyataka kwenye asilimia 15 hadi 18. Makubwa yawe makavu zaidi kwa sababu joto la katikati halina pa kutokea. Ukipita 20 bila dawa ya kuhifadhi, unaalika ukungu. Na tengeneza mistari minene, ili mashine imeze nyingi kwa mkupuo badala ya kuzipigapiga kidogo kidogo.

Haya, maji. Umande unashuka taratibu na kugusa kila jani. Maji ya pampu yanalowesha juu tu, halafu mashine inayakunja ndani kama mabonge. Bonge bichi katikati ya robota ndilo linalozaa ukungu, yaani utapunguza vumbi la leo na kutengeneza lile baya zaidi. Zipo mashine zinazopuliza mvuke kwenye nyasi wakati zinafungwa, na zinafanya kazi vizuri, lakini hizo ni za wakulima wakubwa.

Robota lililofungwa bichi pia linapata moto. Chomeka kipimajoto kirefu katikati: ukiona nyuzi 55 za Selsiasi, endelea kupima kila siku, likikaribia 80, rundo linaweza kuwaka. Na vumbi lililorundikana karibu na beringi au ekzosi lipulizwe kila baada ya kazi, kwani mashine zimeungua kwa hilo.

Dereva wako umpe barakoa ya FFP2 au N95. Kitambaa cha mdomoni hakizuii mbegu za ukungu. Kuna ugonjwa unaoitwa mapafu ya mkulima: mtu anashinda kwenye nyasi zenye ukungu, saa chache baadaye anapata homa, kikohozi na kubanwa kifua, anadhani ni mafua. Akizidi kuvuta vumbi hilo miaka na miaka, mapafu yanaharibika moja kwa moja.

Kwa marobota uliyokwisha kuuza, yenye vumbi la udongo au la majani tu, waambie wateja waloweshe nyasi kabla ya kulisha, vumbi halitapanda puani. Yenye harufu ya uvundo farasi wasipewe hata yakiloweshwa. Uwabadilishie, na hayo uyatandaze shambani yaoze.