Re: Kweli Wakopti hawaamini Yesu alikuwa binadamu?

Hapana mkuu, huyo aliyekwambia Wakopti (Wakristo wa asili wa Misri) na Waorthodoksi wa Ethiopia wanakataa ubinadamu wa Yesu kakupotosha, na inaniuma maana hawa watu wamesingiziwa hivyo kwa karne nyingi sana. Aliyefundisha kitu cha hivyo ni Eutike, mmonaki wa Konstantinopoli, ubinadamu wa Kristo ukawa kama umemezwa na umungu, na Wakopti wenyewe wanamlaani mpaka leo.

Ugomvi wenyewe ni mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Kalsedonia 451. Pale wakakubaliana Kristo ni mmoja katika asili mbili, ya Mungu na ya mtu, bila kuchanganyika wala kutengana, wakiufuata sana waraka wa Papa Leo wa Roma. Sasa Wamisri walikuwa wamelelewa na mafundisho ya Kirilo, patriaki wa Aleksandria, yeye alisema asili moja ya Neno aliyefanyika mwili, kwa hiyo wakisikia "mbili" wanaona hapa Nestorio anarudishwa kwa mlango wa nyuma, yule patriaki wa Konstantinopoli aliyehukumiwa kwenye mtaguso wa Efeso 431 kwa madai kwamba anamgawa Kristo. Na siasa nayo ilikuwepo bana, patriaki wao Dioskoro akavuliwa cheo hapohapo mtagusoni, ila naye 449 alikuwa kamrudisha Eutike kundini na kumwondoa Flaviano, patriaki wa Konstantinopoli, hakuwa mtu mpole.

Mwaka 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti walisaini tamko la pamoja kwamba Kristo ni Mungu kamili na mtu kamili. Lisome hilo kwanza.