Je, mwanangu alinyimwa dripu?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka miwili alilazwa kwa malaria kali, akihema kwa shida na mikono yake ikiwa baridi. Alipewa oksijeni, sindano za malaria na damu, lakini dripu ya maji hakuwekewa. Muuguzi alisema utafiti umeonyesha kuwa inaweza kumdhuru. Sasa amepona, ila shemeji yangu anasema alifanyiwa majaribio. Mwenye kliniki iliyo karibu na soko letu ameniambia nimpeleke kila homa inapopanda amtundikie chupa mbili, na tayari nimenunua moja ya kuweka nyumbani. Nifanye hivyo? – Mama, Mbale

JIBU: Pole kwa kuuguza, Mama. Mwanao hakunyimwa kitu. Swali kama lako hunifikia karibu kila wiki, na ndani yake mna imani ileile, kwamba dripu ndiyo tiba yenyewe na mengine yote ni nyongeza.

Utafiti aliokutajia muuguzi uliitwa FEAST, na ulifanyika katika hospitali sita, moja ya Kenya, moja ya Tanzania na nne za Uganda, yaani Mulago, Lacor, Soroti na hiyo ya kwenu Mbale. Watoto zaidi ya 3,000 waliofika na homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa albumini (maji yenye protini ya damu) kwa mkupuo, yaani mengi kwa muda mfupi, la pili maji ya chumvi kwa mkupuo, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito, na la tatu halikupewa mkupuo wowote. Dawa za malaria, viuavijasumu, oksijeni na damu walipewa wote kadiri ya hali zao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalitushtua sisi tuliofundishwa kukimbilia dripu: ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 ya kundi la albumini, 10.5 ya kundi la maji ya chumvi, na 7.3 tu ya wale ambao hawakupewa mkupuo. Kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu ilisimamisha uandikishaji kabla ya idadi iliyopangwa kutimia. Tulidhani maji yamejaa mapafuni, lakini vifo vilipochunguzwa kimoja kimoja ilionekana kwamba vingi vya ziada vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kazi.

Kuhusu shemeji, mwambie kwamba mtoto akiingizwa katika utafiti mzazi huelezwa na kuombwa ridhaa, na hata pale dharura inapolazimu ridhaa ya mdomo itangulie, maelezo kamili na kutia sahihi hufuata. Wewe hukutia sahihi popote. Mwanao alitibiwa kwa kile kilichojulikana kupitia watoto waliomtangulia.

Sisemi kwamba maji hayana kazi. Mtoto aliyekaukiwa kwa kuhara ni habari nyingine kabisa, na hata FEAST haikumhusisha. Huyo huhitaji maji, ya kunywa akiweza, ya mshipani akizidiwa. Anayeamua ni mtu aliyempima mtoto uzito, akamshika miguu kama ni baridi, akabonyeza ukucha na kuhesabu sekunde za rangi kurudi, akapima sukari na wingi wa damu. Mwenye kliniki yako hakufanya lolote kati ya hayo. Anauza chupa kwa sababu chupa inaonekana, na mzazi akiiona inaning'inia huamini kwamba amepata thamani ya fedha yake.

Niliwahi kumpokea mtoto wa kilo nane aliyeletwa usiku kwa bodaboda, plasta ya sindano ikiwa bado mkononi na chupa tupu ya nusu lita imeshikwa na nyanya yake kana kwamba ni cheti cha matibabu. Piga hesabu: zaidi ya mililita 60 kwa kila kilo, zilizoingia kabla ya mtu yeyote kumpima malaria. Wingi wa damu yake ulikuwa chini mno, na saa alizokaa chini ya chupa ile ndizo saa ambazo angekuwa anaongezewa damu. Wafanyao hivi wapo katika kila mji ninaoujua, wengine hawana hata kipimo cha malaria mezani, na mtoto anapowazidia humwandikia rufaa jioni magari yakiwa yameadimika.

Kwa hiyo homa ikirudi, mpeleke apimwe siku hiyohiyo. Akihema kwa kasi, akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege, au viganja vyake vikigeuka vyeupe, usipitie popote. Nenda hospitali moja kwa moja. Ile chupa irudishe dukani, na wakikataa kuipokea, mpe muuguzi wa kituo cha afya aiteketeze.