Prosesa ya kompyuta ndogo ya ofisi: soma namba, achana na stika

Stika iliyobandikwa kando ya kibodi haikuambii unachotaka kujua kuhusu prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Inasema Core i5 au Celeron, za Intel, au Ryzen 3, ya AMD, basi. Core i5-7Y54 na Core i5-1235U zote ni i5. Ya kwanza ina viini viwili, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba, na iliundwa kula wati 4.5 ndani ya mashine nyembamba isiyo na feni. Ya pili ina viini kumi. Ukinunua kwa kusoma "i5" tu, unaweza kuondoka na yoyote kati ya hizo, na tofauti utaiona siku ya kwanza utakapofungua mkutano wa video na faili la Excel kwa pamoja. Kizuri chajiuza, ndiyo, lakini kibaya chenye stika nzuri hujiuza haraka zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya bei, uliza namba kamili ya modeli. Muuzaji akijibu "hiyo ni i5, kali sana", mwombe awashe mashine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, kisha ingia Performance, halafu CPU. Jina kamili la prosesa liko juu upande wa kulia. Chini kuna mstari wa Cores, ambao ni idadi ya viini, na wa Logical processors, ambao ni idadi ya kazi ambazo prosesa inaweza kuzishika kwa mpigo. Dirisha hilo liache wazi, bado tunalihitaji.

Kinachoichosha mashine ya ofisi

Kuandika barua hakuichoshi prosesa yoyote ya miaka hii. Kinachoichosha ni kivinjari chenye vichupo kumi na tano, lahajedwali ambayo fomula zake zinatafutana kwenye makumi ya maelfu ya mistari, na zaidi ya vyote, mkutano wa video. Wengi huuona mkutano kama kazi nyepesi kwa sababu wao wamekaa tu wanasikiliza. Prosesa haijakaa. Inabana picha yako na kuituma, inafungua picha za wenzako wote, na ukiwa umewasha ule ufifishaji wa mandharinyuma, inakukata wewe kutoka ukutani upya kwa kila fremu, mara nyingi kila sekunde.

Sasa ongeza Windows inayojisasisha kimyakimya na antivirusi inayokagua faili. Kiini kimoja kimeshikwa na mkutano, kingine na masasisho, na kwa prosesa ya viini viwili hapo ndipo mwisho. Kishale kinaanza kurukaruka, herufi zinajitokeza sekunde nzima baada ya kuzicharaza, sauti yako inakatika kwa wenzako. Ndiyo maana kwa ofisi ninaweka viini vinne kuwa kima cha chini.

Hata hivyo viini vinne si sawa popote vilipo. Kufungua programu, kubofya menyu, kupakia ukurasa: kazi kama hizi huegemea kiini kimoja kwa sekunde chache, kwa hiyo nguvu ya kiini kimoja ndiyo inayokupa ule wepesi unaouhisi mkononi. Celeron N4120 na Intel N100 zote zina viini vinne, lakini cha N4120 kinaishia GHz 2.6 (mabilioni ya mipigo ya saa kwa sekunde) na cha N100 kinafika 3.4. Tena hata zingekuwa na GHz sawa, kiini kipya hufanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo wa saa. GHz zinalinganishika ndani ya kizazi kimoja tu.

Na zile GHz mbili zinazochanganya watu, 1.1 kwenye karatasi moja na 2.8 kwenye nyingine kwa Celeron N4020 ileile, zote ni za kweli. Ya kwanza ni mwendo wa msingi, ya pili ni mbio fupi, mradi joto na umeme vinaruhusu. Matangazo hupenda ya pili.

Za kuacha na za kuchukua

Acha Celeron N3350, N4000, N4020 na N4500. Zote zina viini viwili, na kila kiini kinashika kazi moja. N4500 ya 2021 ina kiini chenye nguvu kuliko dada zake, ila bado ni viwili. Upande wa AMD acha A4-9120, A6-9220e, 3020e, na Athlon Silver 7120U, ambayo ina namba inayoonekana ya kisasa huku ndani ikiwa na viini viwili vilevile.

Mwaka 2022 Intel ilitangaza kuyaondoa majina ya Celeron na Pentium kwenye kompyuta mpakato kuanzia 2023. Ndiyo sababu N100 haina jina la ukoo. Imeandikwa tu Intel Processor N100, na wapo wauzaji wanaoendelea kuiita Celeron. Usiikimbie kwa hilo. Kwa wati 6 inakupa viini vinne ambavyo, kwenye kazi za kawaida za ofisi, vinakaribiana na Core i5-8250U ya 2017 iliyokuwa ya wati 15. Tena N100 inafungua video za AV1, mfumo mpya wa kubana video, kwa maunzi yake yenyewe, jambo ambalo 8250U haiwezi. Kwa mashine ndogo ya bei nafuu, hii ndiyo ningeanza nayo. Udhaifu wake ni njia moja tu ya kufikia RAM, kumbukumbu ya muda ya kazi zinazoendelea, basi usitegemee michoro mizito.

N150 ni N100 iliyosukumwa hadi GHz 3.6. Bei zikilingana chukua, zikipishana sana acha. Core i3-N305 ina viini vinane vya aina ileile, hivyo inasaidia anayefanya mambo mengi kwa wakati mmoja, lakini Word haitafunguka haraka kuliko kwenye N100 kwa kiasi cha kukushangaza. Herufi N katikati ya jina ndiyo inayokuambia kwamba viini vyote ni vidogo, vile vya kubana umeme. Hiyo i3 si ndugu wa i3 za kawaida.

I3 ya kawaida ninayoipenda ni Core i3-1215U ya 2022: viini viwili vikubwa vinavyofika GHz 4.4 na vidogo vinne. Mfuko ukiruhusu, ishia hapo, kwa sababu ukipita hapo kwa kazi za ofisi pesa inafanya kazi zaidi kwenye RAM. Iliyoitangulia, i3-1115G4, inaivunja kidogo kanuni yangu. Ina viini viwili tu, lakini ni vya nguvu, vinafika 4.1, na vinashika kazi nne. Kwa barua pepe na hati ni nyepesi ajabu, kwenye mkutano ndiko inakohema.

Kwa Ryzen za mpakato za mfululizo wa 7000, soma tarakimu ya tatu. Katika 7320U ni 2, yaani Zen 2, muundo uliotoka 2019. Katika 7330U ni 3, yaani Zen 3. Hiyo 7320U si mbaya hata kidogo, ina viini vinne na inashika kazi nane. Tatizo lake ni RAM ya LPDDR5 iliyolehemiwa kwenye bodi: ukiinunua na GB 8, itazeeka na GB 8. Mfululizo wa 5000 umechanganywa, kwani 5300U na 5500U ni Zen 2 ilhali 5400U na 5600U ni Zen 3. Hata hivyo 5500U ina viini sita, na kwa ofisi hakuna cha kulalamika.

Ukinunua mtumba

Mstari wa kuchora ni kizazi cha 8 cha Intel. Core i5-7200U ina viini viwili, i5-8250U ina vinne. Intel iliruka hatua hiyo mara moja, na hata i7-7500U ya kabla yake ina viini viwili. Pia Windows 11 inaanzia rasmi kizazi hichohicho, ukiondoa modeli chache sana, na masasisho ya kawaida ya Windows 10 yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Kizazi kinasomwa baada ya kistari. Namba ikianza na 1, chukua tarakimu mbili za mwanzo: 1235U ni kizazi cha 12, 10210U cha 10. Ikianza na nyingine, chukua moja: 8250U ni cha 8. U mwishoni ni ya kawaida. Y, iwe mwishoni au katikati, ni ile ya kubanwa wati.

Dakika kumi na tano za kuijaribu

Prosesa ileile ndani ya maganda mawili tofauti inaweza kuwa na tabia mbili. Chomoa chaja. Fungua vichupo kumi, video moja ya 1080p, na lahajedwali. Rudi kwenye lile dirisha la CPU utazame Speed. Ikipanda na kushuka, hiyo ni afya. Baada ya dakika kumi ikiganda chini ya GHz 1 huku matumizi yakiwa juu, kuna kinachoikaba. Chomeka chaja na uweke hali ya umeme ya Best performance. Kasi ikirudi, ilikuwa ni mpangilio wa kubana betri. Isiporudi, fikiria joto: feni iliyojaa vumbi, dawa ya kupooza iliyokauka juu ya prosesa, au ganda lisiloweza kutoa joto hata likiwa jipya.

Halafu bofya Memory. Form factor ikisema Row of chips, RAM imelehemiwa. GB 4 zilizolehemiwa, iache mashine hiyo hata prosesa ikiwa nzuri. Windows 11 na kivinjari vinazijaza, mashine inaanza kuhamishia data kwenye diski, na prosesa inabaki inasubiri. Mwenye mashine atasema prosesa ni dhaifu. GB 8 ndiyo mwanzo, 16 ni raha. Kwenye i3-1215U au Ryzen zenye nafasi mbili, vipande viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha 8. Kwenye N100 hilo halipo.

Diski nayo inaweza kuichafulia jina prosesa. Ukiona nafasi ya jumla kama GB 58, karibu kila mara hiyo ni eMMC (hifadhi ya bei nafuu) ya GB 64, iliyolehemiwa pia, inayoburuta faili ndogondogo na kukosa nafasi masasisho makubwa yakija. Tafuta SSD, hifadhi ya kasi, inayoweza kubadilishwa.

Ukiagiza mtandaoni, tangazo linalosema "Intel quad core" bila modeli usilipie kabla ya kuipata. Mzigo ukifika, usiishie kwenye jina, maana jina ni maandishi ndani ya Windows na mtu mwenye nia anaweza kuyabadilisha. Hesabu viini, kisha tazama mistari ya cache (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, ya ngazi L1 hadi L3) chini kabisa. N100 ina L3 ya MB 6. N4020 haina L3 kabisa, ina L2 ya MB 4 tu. Mashine iliyoandikwa N100 isiyo na mstari wa L3, irudishe kwenye boksi lake siku hiyohiyo.