Jibu: Nani atajwe kwanza kwenye harambee?

Salamu, ndugu. Umesema utakuwa mshereheshaji wa harambee ya shule huko Vihiga, na hujui uanze na chifu, mwakilishi wadi au askofu. Tena unauliza kama kusema tu "itifaki imezingatiwa", bila kutaja wageni mmoja mmoja, yatosha.

Kwanza kabisa, chukua kwa mwalimu mkuu orodha ya walioahidi kuja, halafu siku yenyewe tuma kijana hemani akaangalie ni nani hasa ameketi. Wakubwa hutuma wawakilishi dakika ya mwisho, na hakuna aibu kama kumkaribisha kwa vigelegele mtu aliyebaki Nairobi.

Kutambua wageni huanzia juu kushuka: mgeni wa heshima, kisha wengine. Hotuba nazo hupanda: mwalimu mkuu, mwenyekiti wa bodi, viongozi, mgeni wa heshima mwisho. Hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Chifu ni mtu wa serikali kuu, mwakilishi wadi ni wa kaunti, kwa hiyo usiwapange kana kwamba mmoja ni bosi wa mwenzake. Mimi huwauliza wasaidizi wao kando, mapema. Askofu je? Katibu wa kanisa lake atakwambia anavyoitwa. Kila dhehebu lina lake.

Hiyo "itifaki imezingatiwa" ni ya watakaokufuata kwenye kipaza sauti. Wewe huna njia ya mkato, taja majina. Na mzee wa mtaa, ambaye pengine amepanga viti tangu alfajiri, usimruke. Ukimruka, habari zako utazisikia sokoni Mbale.