Maswali ya Wasomaji: Kadi ya Wi-Fi, kuichagua, kuifunga na kuitoa

Toleo hili tumekusanya maswali yanayohusu kadi na adapta za Wi-Fi kwenye kompyuta. Yamekuwa mengi, na chanzo kinajulikana: kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa hapa mjini ni mtumba wa maofisini huko nje, na ofisini walitumia waya. Zinafika hazina Wi-Fi. Majina ya walioandika tumeyaacha, tumebakiza wanakokaa.

TABATA: Habari za kazi, wataalamu. Nimenunua kompyuta ya mezani ya mtumba, ile nyembamba ya ofisini. Haina Wi-Fi. Muuzaji Kariakoo kanionyesha kadi ya ndani yenye antena mbili. Jirani ananiambia nichukue kile kidude kidogo cha USB nisijisumbue. Nifuate lipi? Na kama ni kadi, naweza kuifunga mwenyewe?

Chukua kadi, ndugu yetu, na kuifunga utaweza. Vile vidude vidogo vya USB vina antena iliyobanwa ndani ya plastiki isiyozidi sentimita mbili. Ukikichomeka nyuma ya kasha, bati lote la kompyuta linakuwa kati yake na ruta. Kinafaa laptopu iliyo chumba kimoja na ruta, basi.

Ila usilipe kabla hujafungua kava na kutazama ndani. Angalia sloti kwanza, yaani mfereji wa kuchomekea kadi kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Kadi za siku hizi ni za PCI Express x1, na sloti yake ni fupi, kama sentimita 2.5. Kadi hiyo hiyo inaingia pia kwenye sloti ndefu za x4 na x16, na inafanya kazi vizuri tu. Sloti ya PCI ya zamani, mara nyingi nyeupe na ndefu kama sentimita 8.5, ni kitu kingine: kadi ya x1 haiingii humo, na ukilazimisha utavunja kimoja kati ya hivyo viwili.

Halafu kimo. Kompyuta nyembamba inahitaji kibati cha nyuma kifupi, kama sentimita 8, wakati kadi nyingi huja na kibati cha sentimita 12 kikiwa kimeshafungwa. Kile kifupi huwekwa pembeni ndani ya boksi, na kadi ikishauzwa bila boksi ndicho kinachopotea. Muulize muuzaji akuonyeshe kwa macho. Kama hakipo, tafuta duka jingine.

Namba kubwa ya kwenye boksi isikupumbaze. AC1200 ni kasi ya Mbps 300 za bendi (masafa ya redio) ya GHz 2.4 zikijumlishwa na 867 za GHz 5, na kompyuta yako haitumii bendi zote mbili kwa wakati mmoja. AC600 vivyo hivyo: 150 na 433. Cha kuuliza ni chipu. Kadi yenye chipu ya Intel AX200 au AX210 utapata draiva yake, programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, bila kuhangaika, na hata ukitumia Linux ya miaka hii inatambulika yenyewe. Boksi lisilotaja chipu popote, sisi tungeliacha dukani.

Sasa kufunga. Pakua draiva mapema, iweke kwenye flashi. Windows 10 na 11 zina tabia ya kujizima nusu ili ziwake haraka, kwa hiyo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `shutdown /s /t 0`, itazima kabisa. Chomoa waya wa umeme, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano ili chaji iliyobaki iishe. Gusa bati tupu la kasha kabla ya kugusa kadi, na kazi yote ifanyie juu ya meza, siyo juu ya zulia.

Toa kibati kinachoziba tundu la nyuma. Mashine nyingi za Dell na HP za ofisini hazina skrubu hapo, kuna komeo la kufungua kwa kidole. Shika kadi kwa kingo, isukume wima kwa nguvu sawa mbele na nyuma hadi meno ya dhahabu yazame. Wengi hukosea wakati wa kukaza: ukikaza skrubu kadi ikiwa haijanyooka, kibati kinavuta upande mmoja na mkia wa kadi unainuka kwenye sloti. Kompyuta itawaka kama kawaida, lakini kadi haitaonekana kokote, na utaambiwa ni mbovu. Kaza, kisha tazama tena kama imekaa. Antena zikaze kwa vidole tu. Koleo huharibu hesi ya shaba, ile mistari ya kukazia.

Ukiwasha, bonyeza Windows na R, andika `devmgmt.msc`, itafunguka orodha ya vifaa vya kompyuta. Kadi ikiwa na alama ya njano, ifungue usome namba ya kosa. Kosa la 28 maana yake draiva haipo. Kosa la 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza, na mara nyingi ni draiva isiyo yake. Kwenye maelezo ya kifaa utakuta herufi VEN zikifuatwa na tarakimu nne: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Qualcomm Atheros, 14C3 ni MediaTek. Hapo unajua draiva ya kutafuta, boksi liseme lisemavyo.

Na kama draiva hukuipakua mapema, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, nenda kwenye mipangilio ya hotispoti, washa kushea intaneti kwa USB. Windows huichukulia simu kama mtandao wa waya. Draiva yenyewe si nzito, bando dogo linatosha, ila kwanza zuia masasisho ya Windows yasije yakalimaliza.

MBAGALA: Nimefunga kadi, Wi-Fi inapiga kazi, lakini Bluetooth iliyoandikwa kwenye boksi siioni. Nimeuziwa feki?

Huenda hapana. Kwenye kadi hizi Wi-Fi hupita kwenye sloti ya PCI Express, lakini Bluetooth hupita njia ya USB. Ndani ya boksi kuna waya mwembamba ambao watu huutupa wakidhani ni wa ziada. Ncha moja inaingia kwenye kadi, nyingine kwenye pini za USB za mazabodi: safu mbili, moja ya pini tano na nyingine ya nne. Pini inayokosekana ndiyo inayokuonyesha upande sahihi wa kuchomeka. Zima umeme kwanza. Ikiwa pini hizo zimeshachukuliwa na matundu ya USB ya mbele na hakuna seti nyingine, itabidi uchague kimoja.

SINZA: Nina stationery. Kompyuta inatumia adapta ya USB. Wateja wakijaa, ndipo inapokata. Nikiichomoa na kuichomeka tena inarudi. Draiva nimeweka upya, haijasaidia.

Dada, hebu tazama umeichomeka wapi na jirani yake ni nani. Matundu ya USB 3, yale ambayo mara nyingi ni ya bluu, yakiwa kazini hutoa kelele ya redio katika eneo lile lile la GHz 2.4 linalotumiwa na Wi-Fi. Flashi ya mteja ikichomekwa pembeni na kuanza kunakili faili, adapta inazibwa masikio. Ndiyo maana inakata mkiwa na kazi nyingi. Nunua waya wa kurefusha USB wa mita moja au moja na nusu, usogeze adapta mbali na kasha, iweke mahali pa juu. Kama adapta ni ya bendi mbili na ruta pia, hamia GHz 5. Tatizo hili huko halipo.

Likibaki, nenda `devmgmt.msc`, fungua adapta, tafuta ukurasa wa umeme, ondoa alama inayoiruhusu Windows kuizima adapta ili kuokoa umeme. Fanya vivyo hivyo kwenye vitovu vya USB (USB Root Hub) vilivyo chini ya orodha hiyo hiyo. Epuka pia kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake mwenyewe: printa, skana na adapta zikitegemea tundu moja, adapta ndiyo inayoanguka kwanza.

Kuna adapta nyingine ambazo ukizichomeka mara ya kwanza zinaonekana kama CD yenye draiva ndani, hasa zenye chipu za Realtek. Si ubovu. Weka draiva iliyomo, na ile CD ikiendelea kuonekana, itoe kwa njia ya kawaida ya kutoa CD. Adapta itageuka kuwa Wi-Fi.

Na tuseme wazi: kama ruta iko chumba hicho hicho cha duka, waya wa Cat5e ungekuondolea yote haya. Unafika hadi mita 100.

KIMARA: Naomba kubadilisha kadi ya Wi-Fi ndani ya laptopu, iliyopo ni ya bendi moja. Fundi mmoja kasema kadi yoyote ya M.2 inaingia.

M.2 ni umbo la sloti ndogo ya ndani ya laptopu, na kadi inaweza kuingia humo na isifanye kazi. Kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni Intel yenyewe. AX200 na AX210 ni kadi kamili zinazotumia PCI Express. AX201 na AX211 kwa umbo ni zile zile, lakini nusu ya kazi yake hufanywa na chipu za mazabodi za Intel zenye mfumo wa CNVi. Ukiiweka AX201 kwenye mashine ya AMD, au ya Intel ya zamani, haitaonekana kabisa. Tarakimu moja tu ya mwisho, hela imekwenda.

Wa pili: baadhi ya laptopu za zamani za HP na Lenovo zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa ndani ya BIOS, programu ya kuwashia mashine. Ukiweka nyingine, mashine inagoma kuwaka na kutoa ujumbe, wenye namba 104 kwa HP au 1802 kwa ThinkPad. Ukiitoa inarudi salama. Kabla ya kununua tafuta orodha ya vipuri vya modeli yako.

Wa tatu ni umbo. Laptopu za kabla ya M.2 zinatumia mini PCI Express, ambayo ni pana zaidi. Pima.

Kazi yenyewe ni fupi, ila chomoa betri ya ndani kwanza, si chaja tu. Piga picha ya nyaya mbili za antena kabla ya kuzigusa, kwa sababu rangi za nyaya hazina maana moja kwa kila mtengenezaji. Vichwa vyake ni vidogo sana na havikutengenezwa kuchomolewa mara kwa mara. Vinyanyue wima kwa kucha au kibanio cha plastiki, usivute waya. Kurudisha, kiweke katikati kabisa kisha bonyeza wima hadi usikie kamlio. Ukibonyeza kimekaa upande, kinapinda, na utabaki na Wi-Fi inayoona ruta ya chumba hiki tu.

Wenye kompyuta za mezani ndogo kabisa, zisizo na sloti ya x1, jibu lenu ni hili hili, ila hakikisheni antena zipo. Nyingi zilizouzwa bila Wi-Fi hazina hata nyaya.

KIGAMBONI: Simu inauona mtandao wa nyumbani, kompyuta haiuoni kabisa, ila ya majirani inaiona.

Andika `netsh wlan show drivers` kwenye dirisha la amri (Command Prompt). Itataja vizazi vya Wi-Fi ambavyo kadi inavijua; ukiona imeishia 802.11b, g na n bila ac wala ax vya baadaye, huenda kadi yako ni ya GHz 2.4 tu na ruta yako inarusha GHz 5 kwa jina hilo. Washa bendi zote mbili kwenye ruta. Kama bendi ni sawa, angalia chaneli: kadi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hazisikilizi chaneli ya 12 na 13. Weka ruta kwenye 1, 6 au 11. Na ikiwa ruta imefungwa kwenye WPA3 pekee, ulinzi mpya wa Wi-Fi, kadi ya zamani itashindwa kuunganika. Chagua WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Usirudi nyuma hadi TKIP, ulinzi wa zamani, maana kadi ya n itashuka hadi Mbps 54.

Kuna jambo jingine tunalokutana nalo kwenye mtumba: Wi-Fi imeunganika lakini kila tovuti inalalamikia usalama. Tazama tarehe. Betri ya CR2032 kwenye mazabodi ikifa, kila umeme ukikatika saa inarudi miaka nyuma, na kivinjari kinavikataa vyeti vya tovuti. Kadi haina kosa.

UPANGA: Hamjambo vijana wangu? Nimestaafu, nauza kompyuta yangu. Kadi ya Wi-Fi nataka kubaki nayo. Naichomoa tu?

Shikamoo mzee wetu. Usianze kwa kuchomoa. Windows hutunza nywila ya kila Wi-Fi uliyowahi kutumia, na mnunuzi mwenye ruhusa za msimamizi anaweza kuzisoma kwa amri moja. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `netsh wlan delete profile name=* i=*`. Zote zitafutika. Fanya hivyo kadi ikiwa bado ndani, kwa sababu ikishatoka amri hiyo haioni kitu.

Kisha nenda `devmgmt.msc`, ondoa kadi, na uweke alama ya kufuta draiva pia. Zima kama tulivyomweleza ndugu wa Tabata, chomoa umeme, fungua antena kwanza ndipo skrubu, uvute kadi wima. Rudisha kibati cha kuziba tundu. Likibaki wazi mende wanahamia, ndani kuna joto. Kadi iweke kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, isilale wazi kabatini. Hewa ya chumvi ya Dar huyafubaza meno yake. Yakifubaa, yasugue taratibu kwa kifutio cha penseli kabla ya kuifunga kwingine.

Na kama kuna kompyuta nyingine uliyoiuza zamani bila kufuta, badilisha nywila kwenye ruta yenyewe. Simu na televisheni za nyumbani zitadai nywila mpya siku hiyo hiyo, kwa hiyo iandike karatasini kabla hujabonyeza kuhifadhi.