Kabla ya Kumchagulia Mwanafunzi Mwenye Ulemavu Fani ya Kusomea

Wazazi wengi wanaokuja kuniona mwishoni mwa mwaka huwa wameshaamua. Mwenye mtoto kiziwi anataka useremala au ushonaji, mwenye mtoto asiyeona anauliza kama bado kuna nafasi za kupokea simu maofisini, na mwenye mtoto mwenye ulemavu wa akili anataka tu mahali ambapo atashinda salama akitunga shanga. Siwalaumu, kwa maana ndivyo walivyozoeshwa kwa miaka mingi kwamba fani hugawiwa kwa aina ya ulemavu. Nimefundisha stadi za kazi katika kitengo maalumu hapa Nairobi kwa muda mrefu, na ushauri wangu kwa mzazi na kwa mwalimu mwenzangu ni kwamba fani isichaguliwe kabla mwanafunzi hajapimwa akiwa anafanya kazi yenyewe.

Kupimwa huko kusichanganywe na vipimo vingine ambavyo huenda ameshavipitia. Daktari hueleza aina na kiwango cha ulemavu, na ripoti yake ndiyo hutumika kumsajili mtu katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Vituo vya upimaji wa kielimu, EARC, vilivyoanza mwaka 1984, humwelekeza mtoto kwenye shule au darasa linalomfaa, na wakazi wa Nairobi wana bahati ya kuwa karibu na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, ambayo nayo ina kituo chake cha upimaji. Ripoti hizo zote zina kazi yake. Hata hivyo, hakuna hata moja kati yake itakayokueleza iwapo kijana anaweza kusimama saa nne mfululizo katika chumba cha kufulia cha hoteli, au iwapo anaweza kushika maagizo matatu yanayotolewa kwa mkupuo mmoja na msimamizi mwenye haraka.

Hayo hujulikana kwa kumtazama. Binti mmoja mwenye ulemavu wa akili aliletwa kwangu na ripoti iliyosema kwamba hawezi kazi ya kuoka. Tulipoigawa kazi hiyo hatua kwa hatua na kumfuatilia jikoni, tuliona kwamba anakanda vizuri, anakata mandazi yenye ukubwa ule ule, na hachoki upesi. Kilichomshinda ni kusoma tarakimu za mizani. Tukachukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, tukaubandika utepe mwekundu kwa ndani kwenye kimo cha unga, tukafanya vivyo hivyo kwa kikombe cha sukari na jagi la maji, kisha tukavipanga vyombo mezani kutoka kushoto kwenda kulia kwa mfuatano wa kumimina. Donge likatoka sawasawa, na siku zilizofuata likaendelea kutoka sawasawa. Ripoti tuliyoandika upya ilisema kwamba anakanda na kukata bila msaada, anapima akitumia vyombo vilivyowekwa alama, na asiachiwe ovena peke yake mpaka pawepo kengele ya kumkumbusha muda. Mwenye duka la mikate aliyempokea kwa mafunzo kazini aliisoma ripoti hiyo mara moja akajua la kufanya.

Nakusihi, mwalimu, uandike kwa namna hiyo. Maneno kama "ana bidii" au "anahitaji msaada" hayamsaidii mwajiri hata kidogo. Kwa kila hatua ya kazi onyesha kama mwanafunzi anaifanya peke yake, akikumbushwa kwa neno, akionyeshwa, au akishikwa mkono, na rudia kipimo siku tofauti kwa sababu mtu aliyelala vibaya au aliyebadilishiwa dawa hafanyi kazi kama jana. Mlinganishe na mfanyakazi wa kawaida wa mahali hapo, usimlinganishe na wenzake wa darasani, kwani huko nje ndiko atakakolipwa. Na umwulize mwenyewe anapenda nini, tena baada ya kuonja kazi mbili tatu. Kijana ambaye hajawahi kuingia gereji wala saluni hawezi kuchagua kati ya hizo mbili.

Kuna hatari ambazo ni upimaji wa namna hii tu unaozifichua. Inasemwa mara nyingi kwamba kijana mwenye matatizo ya kusikia atafaa kufua mabati Kamukunji, kwenye karakana za jua kali hapa Nairobi, eti kelele hazitamsumbua, ilhali mwenye usikivu kiasi anaweza kupoteza hata ule uliobaki kwa sababu ya nyundo zile. Mwenye ualbino asipelekwe kwenye kazi ya kushinda juani, na uoni wake hafifu ukumbukwe pia: akishona, uzi uwe wa rangi inayotofautiana na kitambaa na taa iwe karibu. Mwenye kifafa hana sababu ya kufungiwa nyumbani, lakini msumeno wa umeme na karai la mafuta ya moto vimkae mbali.

Muda wa kuanza nao una uzito. Katika mtaala wa umilisi, mwanafunzi asiyefuata mkondo wa kawaida wa masomo hupitia hatua ya msingi, ya kati, ya matayarisho ya ufundi, kisha ya ufundi wenyewe, na kwa maoni yangu hatua hiyo ya tatu ndipo mahali pa kuanzia. Kule Marekani sheria ya IDEA, inayosimamia elimu ya wanafunzi wenye ulemavu, hutaka mpango wa kumvusha mwanafunzi kutoka shuleni uwe umeandikwa anapofikisha miaka 16. Kwetu wengi hukumbuka kupima wakati karo imeshalipwa, na hapo ni vigumu kurudi nyuma. Ukishapima mapema utajua pia kama anahitaji chuo maalumu, kama vile Taasisi ya Kiufundi ya Viziwi ya Karen au ile ya Wasioona ya Machakos, au kama chuo cha ufundi kilicho karibu na kwenu kitamtosha akipata mkalimani wa lugha ya ishara. Asiye na cheti cha sekondari ana njia ya mitihani ya ufundi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, inayoanzia Daraja la Tatu na inayopima kazi ya mikono. Mahitaji yake yaelezwe wakati wa kujiandikisha, isingojewe siku ya mtihani.

Stakabadhi zishughulikiwe wakati huo huo: kitambulisho, PIN ya KRA na kadi ya Baraza. Aliyesajiliwa anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi, jambo ambalo vijana wengi hawalijui hadi mshahara wao umeshakatwa.

Kisha kuna safari. Mwanafunzi aliyefundishwa kulipa nauli ya shilingi 50 hukwama siku mvua inaponyesha na kondakta akataka 100, kwa hiyo tunamfundisha kuuliza nauli kabla ya kupanda na kuwa na akiba katika M-Pesa. Anayetumia kiti cha magurudumu aifanye safari nzima, kwa saa zile zile za asubuhi, kabla ya kusaini mkataba wowote.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Unapomwendea mwajiri itaje, lakini usianze nayo. Mwajiri hufungua mlango anapooneshwa kwamba kuna kazi fulani itakayofanywa vizuri na mtu huyu, na kwamba mabadiliko yanayohitajika ni haya na gharama yake ni hii. Baada ya kijana kuajiriwa, mtembelee mara kwa mara katika miezi mitatu ya kwanza na uzungumze pia na msimamizi wake, kwa sababu msimamizi akibadilishwa, maelekezo yote hupotea na huna budi kuyatoa upya. Hakikisha pia mshahara unaingia kwenye simu au akaunti ya kijana mwenyewe, na kwamba namba ya siri anaijua yeye.